Mtaka cha Mvunguni: Vitabu Vikuukuu katika Mitaa ya Makadara

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wakazi wa Nairobi wameutwaa usemi huu wakaufanya jina la biashara. Muuzaji anayetandaza gunia au turubai kando ya njia na kuvipanga vitabu vikuukuu juu yake huitwa "inama", kwa sababu anayezitaka bidhaa zake hana budi kuupinda mgongo ili asome majina yaliyoandikwa kwenye majalada. Katika duka kubwa kitabu husimama rafuni kikimsubiri msomaji. Kwenye inama, msomaji ndiye anayekiendea kitabu, tena kwa unyenyekevu. Waama, jina hili limebeba falsafa nzima ya elimu ya mtu asiye na kitu: maarifa yapo, ila yapo chini, na anayeona haya kuinama atayakosa.

Eneo la Makadara, lililo mashariki mwa jiji kandokando ya barabara ya Jogoo, ni mahali mwafaka pa kuuchunguza ukweli huu. Mitaa yake, kama vile Maringo, Jericho, Jerusalem, Hamza, Kaloleni, Ofafa na Mbotela, ni sawa na kurasa za historia. Ofafa ulipewa jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka wa 1953, nao Mbotela ukapewa jina la Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka wa 1952. Wote wawili walikufa katika kipindi cha Hali ya Hatari. Tom alikuwa mwana wa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, mojawapo ya vitabu vya awali vya nathari ya Kiswahili vilivyoandikwa na Mwafrika. Hivyo basi, mwanafunzi wa Kiswahili anayeteremka kwenye matatu katika mtaa huo anakanyaga ardhi yenye jina la ukoo wa mwandishi, japo yamkini kitabu chenyewe hajawahi kukitia mkononi.

Si kwamba Makadara haina maktaba. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka wa 1931, ina matawi mawili upande huu, moja Kaloleni na jingine Makadara kwenyewe, na yote mawili yamekarabatiwa katika miaka ya hivi karibuni. Vijana wengi wa mitaa hii, wanaoishi katika nyumba zenye chumba kimoja au viwili, wamefanyia kazi zao za shule kwenye meza hizo. Hata hivyo, maktaba hufungwa jioni, na mtihani hausubiri asubuhi. Kuna vitabu ambavyo mwanafunzi hana budi kuvimiliki walau kwa muhula mmoja: avisome usiku, avibebe kwenye matatu, avirejelee mara kumi.

Miongoni mwa wanaoinama ni binti mmoja wa mtaa wa Maringo, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Kiswahili, ambaye mamake huuza mboga katika soko la Jericho. Muhula mmoja alitoka mhadharani akiwa na orodha ya vitabu sita. Alipozunguka katika maduka ya katikati ya jiji alibaini kwamba jumla ya bei zake ilikaribia shilingi 6,000. Kibindoni alikuwa na 2,000, na hizo zilikuwa zimepatikana baada ya mkopo wake wa elimu kugawanywa kati ya karo, nauli na chakula cha nyumbani. Mamake aliahidi kumwongezea, lakini binti alijua fika kuwa nyongeza hiyo ingetoka kwenye mtaji wa sukuma wiki na nyanya, na mtaji ukiliwa, genge hufungwa.

Ughali wa vitabu hivyo una sababu zake. Kwanza, kitabu cha chuo kikuu huchapishwa kwa nakala chache kuliko kitabu cha shule, kwa hivyo gharama za uhariri na uchapishaji hugawanywa kwa wanunuzi wachache. Pili, baadhi ya vitabu muhimu vya isimu ya Kiswahili, kama vile Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu cha Massamba na wenzake, kilichotolewa na TUKI mwaka wa 1999, hutoka Dar es Salaam, na safari hiyo ina gharama yake. Tatu, Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka wa 2013 iliviingiza vitabu katika orodha ya bidhaa zinazotozwa asilimia 16. Mwanafunzi hawezi kuibadilisha hata moja kati ya sababu hizi tatu. Anachoweza kukibadilisha ni namna yake ya kununua.

Somo hilo binti hakulipata darasani. Alilipata kwa mzee mmoja, mstaafu wa reli, anayetandaza turubai lake karibu na kituo cha matatu cha Hamza.

"Shikamoo, mzee. Hiki ni pesa ngapi?" aliuliza siku ya kwanza, akiinua nakala ya Uhakiki wa Fasihi ya Wamitila.

"Marahaba, binti yangu. Usiniulize ni pesa ngapi. Niulize, muhula ukiisha, nitakirudisha kwa pesa ngapi."

Katika jibu hilo mna elimu nzima ya uchumi wa kitabu. Gharama ya kitabu si ile bei ya kukinunua, bali ni tofauti kati ya bei ya kukinunua na bei ya kukiuza. Anayenunua kitabu kipya kwa shilingi 1,000 na kukiuza kwa 400 amelipa 600 kwa kukisoma. Anayenunua kikuukuu kwa 500 na kukiuza kwa 400 amelipa 100. Naye anayekinakili chote kwa mashine, kurasa 250 kwa shilingi 3 kila moja, amelipa 750. Hata akizibana kurasa mbili katika karatasi moja, amelipa 375, na rundo hilo la karatasi hakuna atakayelinunua isipokuwa mwenye kufungia njugu. Kwa hivyo njia inayodhaniwa na wengi kuwa ndiyo rahisi kuliko zote huwa ghali kuliko kitabu chenyewe.

Kanuni ya pili inahusu majira. Soko la vitabu lina masika na kiangazi chake. Mwanzoni mwa muhula kila mtu anatafuta na wachache wanauza, kwa hivyo bei hupanda. Muhula unapofunga, kila mtu anataka nauli ya kwenda nyumbani, kwa hivyo vitabu humiminika na bei hushuka. Vivyo hivyo, vitabu vya shule hupanda mwezi wa Januari na kuporomoka baada ya mtihani wa kitaifa mwishoni mwa mwaka. Mwanafunzi mwenye busara hununua vitabu vya muhula ujao wakati wenzake wanafunga mizigo, na huuza vyake wakati wenzake wanavitafuta. Jambo hili linahitaji kitu kimoja tu, nacho ni kuijua orodha ya vitabu mapema. Wahadhiri wanaoitoa orodha yao kabla ya likizo humwokolea mwanafunzi fedha nyingi kuliko wanavyodhani.

Kanuni ya tatu inahusu toleo. Si kila kitabu huzeeka kwa kasi moja. Riwaya haizeeki, maneno ya mwandishi katika nakala ya kwanza ndiyo yaliyomo katika nakala ya kumi, ila labda nambari za kurasa zitofautiane. Kitabu cha nadharia huzeeka polepole. Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu cha Njogu na Chimerah, kilichotoka mwaka wa 1999, bado kinamfaa mwanafunzi wa leo, mradi asome na makala mapya. Kamusi ni jambo jingine. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka wa 1981, ikatolewa tena mwaka wa 2004 na mwaka wa 2013. Anayeinunua nakala ya 1981 kwa sababu ya unafuu wa bei asije akaitafuta ndani yake istilahi ya kompyuta na simu, kisha akailaumu lugha kuwa ni maskini.

Kanuni ya nne ni ukaguzi. Mnunuzi wa kitabu kikuukuu hupaswa kukichunguza kama anayenunua mbuzi. Aanze na uti, autazame kama gundi imeachia. Ahesabu kurasa, hasa za sura zinazotahiniwa mara kwa mara, maana kuna wanafunzi wanaochana sura moja na kuuza zilizosalia. Atazame wino: uchapaji uliofifia, kurasa zilizokatwa mshazari na jalada lenye picha iliyopauka ni dalili za nakala ya maharamia, ambayo si kitabu kikuukuu bali ni kitabu kilichoibwa kabla ya kuzaliwa. Mwisho, aufungue ukurasa wa kwanza na wa mwisho na kutafuta muhuri.

Mzee huyo ameyajua haya kwa gharama. Vitabu teule vya fasihi katika shule za upili hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na siku ya kubadilishwa kwake ni siku ya kilio kwa mwenye inama. Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora na Mstahiki Meya ya Timothy Arege zilitahiniwa kuanzia mwaka wa 2013 hadi 2017. Zikafuatwa na Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Kigogo ya Pauline Kea hadi mwaka wa 2022. Mzee alikuwa na magunia mawili ya hizi mbili za mwisho. Nakala alizozinunua kwa mamia akajikuta akiziuza kwa shilingi 50, kisha kwa 30, na hatimaye akaacha kuzitandaza.

Hapo ndipo binti alipogundua bahati ya mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, bahati ambayo mwenzake wa udaktari au uhandisi hana. Kitabu kinachokufa shuleni huzaliwa upya chuoni. Mwanafunzi wa kidato cha nne hana haja tena na Chozi la Heri. Mwanafunzi wa uhakiki ana haja nayo leo kuliko jana, kwa sababu sasa anaweza kuisoma bila kukaririshwa majibu. Binti aliyafungua magunia yale mawili na kujinunulia riwaya, tamthilia na mikusanyiko ya hadithi fupi saba kwa bei ambayo dukani isingefikia kitabu kimoja. Alimletea mzee wenzake watano, nao wakafanya vivyo hivyo. Magunia hayakuisha, lakini yalipungua, na kodi ya nyumba ya mwezi huo ikalipwa.

Kuna faida nyingine ya kitabu kikuukuu ambayo haina bei, nayo ni maandishi ya pambizoni. Ile nakala ya Uhakiki wa Fasihi ilikuwa imepitia mikono mitatu. Mmoja aliandika kwa penseli, mwingine kwa wino wa buluu, wa tatu kwa wino mwekundu. Katika sura ya nadharia, wa penseli aliweka alama ya kuuliza. Wa buluu akamjibu. Mwekundu akawapinga wote wawili. Binti alisoma sura hiyo kana kwamba amekaa katika semina ya watu asiowafahamu. Hata hivyo, maandishi hayo ni rafiki mwenye hila. Mstari uliopigwa na mwingine hulivuta jicho, na msomaji akajikuta anasoma yaliyopigwa mstari tu, akiacha yale ambayo mwenzake hakuyaelewa. Anayefikiri kwa kalamu ya mwingine amenunua kitabu na kuuza akili yake.

Suala lililompima binti huyu, hata hivyo, halikuwa la bei. Zikiwa zimesalia siku nane kabla ya mtihani wa sarufi, alikikuta kwenye turubai la mzee kitabu alichokuwa amekitafuta muhula mzima. Bei yake ilikuwa shilingi 250, na pesa hizo alikuwa nazo. Alipokifungua, aliona kwamba ukurasa wa kwanza ulikuwa umekwanguliwa kwa wembe. Akafungua katikati. Hapo palikuwa na muhuri mdogo wa maktaba ya chuo, ule ambao wezi wengi hawajui kuwa upo.

Angeweza kunyamaza. Mzee hakuuona muhuri ule; macho yake hayamsaidii tena jioni. Nacho kitabu, hata asipokinunua yeye, kingenunuliwa na mwingine kesho yake. Hoja hii ya pili ndiyo ambayo huwashinda wengi, kwa kuwa ina sura ya ukweli. Lakini binti alikumbuka kwamba mara tatu alikuwa ameenda maktabani kukiazima kitabu hicho na kuambiwa kuwa hakionekani. Sasa alijua kilikokuwa. Wanafunzi wote wa darasa lake walikuwa wamekikosa ili mtu mmoja apate shilingi mia moja na hamsini.

Alimwonyesha mzee. Mzee alikishika kitabu kwa muda bila kusema, kisha akauliza, "Nilikinunua mia na hamsini kwa kijana mmoja aliyesema amemaliza masomo. Nifanye nini sasa, mwanangu?"

"Nikirudishe, mzee. Hasara tugawane."

Alimpa shilingi 75 na kukibeba kitabu hadi maktabani. Hakupewa zawadi, na wala hakuitarajia. Mhudumu alikipokea, akakiandikia upya na kukiweka katika rafu ya vitabu vya kusomewa humo humo. Binti alikisoma hapo kwa siku zilizosalia, akipokezana na wenzake wanne. Kwa shilingi 75 walisoma watu watano. Ukiuhesabu, huo ndio ununuzi uliokuwa rahisi kuliko wote aliowahi kuufanya.

Tangu siku hiyo mzee hununua akiwa amewasha tochi ya simu, na kila kitabu hukipekua katikati. Jambo hili ni muhimu zaidi leo kuliko zamani. Tangu mwaka wa 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja kwenye shule za umma, navyo haviruhusiwi kuuzwa. Vinapoonekana sokoni, maana yake ni kwamba kuna mtoto darasani ambaye dawati lake halina kitu. Mwenye inama anayevikataa hupoteza faida ya siku hiyo, na jirani yake anayevikubali hula vizuri. Lakini biashara ya vitabu vikuukuu huishi kwa kuaminiwa, na mteja akishaanza kuogopa kwamba alichonunua kitamfanya ahesabiwe mwizi, hatarudi kuinama.

Wapo wanaouliza: je, mwandishi anapata nini katika mzunguko huu? Swali ni la haki, hasa likiulizwa na wanaotarajia siku moja kuandika. Mwandishi na mchapishaji hulipwa nakala inapouzwa mara ya kwanza. Inapouzwa mara ya pili na ya tatu hawapati kitu. Hata hivyo, nakala moja iliyolipiwa inabaki kuwa nakala moja, hata ikipita mikononi mwa watu kumi. Tofauti na hiyo, mashine ya kunakili na kiwanda cha haramia huzalisha nakala ambazo hazikulipiwa hata mara moja. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inamlinda mwandishi dhidi ya nakala za namna hiyo. Haimkatazi mwenye kitabu halali kumuuzia jirani yake. Aidha, msomaji aliyemjua mwandishi kupitia nakala ya shilingi 50 ndiye atakayeitafuta riwaya yake mpya dukani atakapopata kazi. Asiyesoma kabisa hatanunua kamwe.

Kwa sasa wingu limetanda juu ya turubai la Hamza. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, unafikia ukomo wake; mtihani wa mwisho wa kidato cha nne umepangiwa mwaka wa 2027, nao mtaala wa umilisi una vitabu vyake. Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, zilizorithi nafasi ya Chozi la Heri na Kigogo, zinaweza kuingia katika gunia lile lile. Pamoja nazo vitaingia vitabu vya miaka arubaini vya masomo yote. Kwa mzee, hii ni hesabu ya maisha. Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, ni hatari na fursa kwa wakati mmoja: hatari, kwa sababu kisichonunuliwa huuzwa kwa uzani kwa wasaga karatasi, fursa, kwa sababu miongo minne ya fasihi iliyosomwa na taifa zima itakuwa imelala kando ya barabara ikimngoja wa kuiokota.

Yapo mambo yanayowezekana pasipo kusubiri msaada wa mtu. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kutenga siku moja mwishoni mwa kila muhula, wanafunzi wanaomaliza kozi wakakutana na wanaoianza na kuuziana vitabu bila dalali. Idara zinaweza kubandika orodha za muhula ujao mapema. Nakala tano za kila kitabu teule kilichostaafu, zikikusanywa kila mara vitabu vinapobadilishwa, zitaipa idara maktaba ambayo hakuna bajeti ingeinunua. Na katika kila ununuzi, muhuri utafutwe kabla ya bei kuulizwa.

Kuweka akiba si ubahili, wala kununua kikuukuu si aibu. Aibu ni kuwa na kitabu kipya kisichofunguliwa, au kuwa na kilichofunguliwa ilhali mwenyewe anakitafuta. Kitabu ni kama maji ya kisima cha mtaa: kila mmoja huteka akaenda zake, na heshima yake hupimwa kwa hali aliyomwachia anayekuja nyuma yake na ndoo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndiyo. Lakini akishakipata, ajue kwamba nyuma yake kuna mwingine anayesubiri zamu yake ya kuinama.